Zamu Isiyopokelewa

Shida yenyewe ilikuwa hii: mke wa Fundi hakuwa ametoka zamu tangu mwaka juzi.

Ugonjwa ulikuwa umekwisha. Barakoa zilishageuka vitambaa vya kufutia vioo, watu walirudia kupeana mikono na kukohoa hadharani bila kuona haya, na hospitali kuu ilishawatawanya manesi wake huku na huko. Mke wa Fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Sista, alipelekwa kliniki ya watoto. Kazi ya mchana, kazi ya kupima vichanga uzito na kuwachoma chanjo. Jioni anarudi nyumbani kama watu wengine. Ila akishafika hapandi kitandani. Anaweka kiti cha mbao kwenye korido, pale ambapo milango yote ya vyumba inaonekana, anaketi wima na viatu vyake vyeupe miguuni, na usingizi unamwiba hapo hapo vipande vipande, kama mlinzi wa ghala.

"Mke wangu, njoo ulale," Fundi alimwambia miezi ile ya kwanza.

"Nipo zamu."

Na kulipokucha alitoa ripoti.

"Kitanda cha kwanza," alianza, amesimama mlangoni pa jikoni, mikono nyuma, wenzake wanakunywa chai. "Mwanamume, miaka arobaini na tisa, fundi makochi. Amekoroma mfululizo. Ameamka mara moja kwenda haja ndogo, amerudi bila kunawa."

"Nilinawa," alisema Fundi.

"Mgonjwa anadai alinawa. Kitanda cha pili. Mwanamke, umri anauficha."

"Siufichi," alisema mama yake Fundi, mdomo umejaa mkate. "Nimeusahau."

"Analalamika goti. Jana lilikuwa la kulia, leo limehamia kushoto. Ulimi hauna tatizo lolote."

"Mkwe huyu ana dharau, lakini hakosei."

"Kitanda cha tatu. Msichana, miaka kumi na sita. Hana homa. Simu ilikuwa chini ya mto, na ina moto kuliko mgonjwa."

Binti alimtazama baba yake. Baba yake alitazama chai.

Tuseme kweli, nyumba ilizoea, na baada ya kuzoea ikanogewa. Mama yake Fundi hakuwa amepata mtu wa kufuatilia magoti yake tangu afiwe na mumewe, kwa hiyo alidamka mapema, akajifunga kanga vizuri, akaketi kusubiri jina la goti lake litajwe. Binti alijaribu kuumwa siku ya mtihani, akaambiwa mbele ya bibi yake kwamba ugonjwa wake unaitwa fizikia. Fundi mwenyewe aligundua kupitia ripoti kwamba husaga meno, na kwamba aliwahi kumtajia mteja bei halisi ya sponji akiwa usingizini. Alishukuru kwamba mteja hakuwepo.

Halafu akaja Mwenye Nyumba. Alikuja Jumapili moja kuangalia paa linalovuja, akakaa kidogo kwenye kochi la mteja ili aigeuzegeuze shingo vizuri, akapitiwa. Alipozinduka alikuta mkono wake umefungwa kitambaa cha kupimia presha na Sista amemwinamia.

Asubuhi iliyofuata alisikia mwenyewe, maana alirudi kuchukua kofia aliyoisahau. "Kitanda cha nne. Mwanamume, mnene, mwenye nyumba. Presha iko juu. Hana ndugu wa kumwangalia."

Mwenye Nyumba alikuwa na wapangaji mitaa mitatu na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza ameamkaje. Machozi yalimlengalenga. Kuanzia siku hiyo akawa anakuja kila asubuhi na mkono wa shati umekunjwa tayari, na paa likazibwa bila kuombwa mara ya pili.

Basi nyumba ilicheka, na Fundi akacheka nayo, mpaka siku msimamizi wa kliniki alipompigia simu.

Sista alikuwa amelala. Amelala wima, sindano mkononi, mbele ya mama na mtoto. Yule mama alidhani nesi anaomba dua kabla ya kuchoma, akainamisha kichwa naye. Foleni nzima ikainamisha vichwa. Walikaa hivyo mpaka mtoto alipochoka na ibada akalia.

"Leo tumecheka," msimamizi alisema. "Akilala tena na sindano mkononi, namtoa kazini. Na hilo ndilo dogo, Fundi. Mwili usiolala utazima siku moja kama taa. Utakuja kuniuliza mimi kwa nini sikukuambia, ndiyo maana nakuambia."

"Nifanye nini?"

"Mlete kwa mshauri nasaha."

Alimpeleka. Mshauri alikuwa kijana msafi mwenye sauti laini. Alikaa na Sista ofisini, mlango umefungwa, na Fundi akasubiri nje akikagua mshono wa kiti alichokalia, ambao ulikuwa aibu tupu. Mlango ulipofunguliwa, mshauri alikuwa ameshika kipande cha karatasi chenye jina la dawa ya minyoo.

"Ameniambia ninywe baada ya kula," alisema, kama mtu asiyejua yaliyompata.

Fundi aliacha shule darasa la tano. Alijua springi, sponji, turubai na gundi. Lakini alijua pia kwamba kitu kilichokwama lazima kuna mahali kimekwamia, na hupigi nyundo kabla ya kupaona. Mkewe alisema yuko zamu. Haya, zamu huishaje? Kwa kukabidhi. Basi atapokea yeye, na yaishe.

"Nipe mimi hiyo zamu," alimwambia kesho yake.

"Wewe?"

"Mimi. Toa ripoti."

Akatoa, kitanda kwa kitanda, mpaka goti la mama. Fundi akatikisa kichwa kama mkubwa wa hospitali. "Sawa. Nenda kalale."

"Sawa si kupokea," alisema Sista. "Anayepokea anauliza. Usipouliza nimeongea na ukuta."

Siku ya pili Fundi alijiandaa. Alisimama wima, akavuta pumzi.

"Kala?"

"Amekula."

"Kanywa maji?"

"Bilauri mbili."

"Choo?"

"Amepata."

Sista alikuwa ameanza kuinama, mkono uko kwenye kamba ya kiatu. Mama alishika kikombe bila kunywa. Binti alimfanyia baba yake ishara kwa macho, baba endelea hivyo hivyo. Na Fundi, kichwa kikamvimba, akaona aongeze moja la kumalizia kazi vizuri.

"Na springi zake?"

Sista akafunga kamba upya, akarudi kwenye kiti.

"Ulikuwa umeshamfikisha," mama alimwambia mwanawe. "Springi zimetoka wapi?"

"Ulimi uliteleza, Mama."

"Kaa pembeni. Nitapokea mimi. Nimezaa saba."

"Mama, wewe ni mgonjwa wangu," Sista alimwambia kwa upole. "Mgonjwa hapokei wodi."

Binti alijifunga shuka jeupe, akatokea nalo koridoni na kalamu sikioni. Aliambiwa shuka hilo ni la kitanda cha pili na alirudishe kabla mgonjwa hajapata baridi.

Ndipo Fundi akauliza, na aliuliza kwa kukereka tu, bila akili yoyote. "Kwani ulikuwa unamkabidhi nani?"

"Kobe."

"Kobe gani?"

"Mwenzangu wa asubuhi. Anachelewa siku zote, ndiyo tukamwita Kobe."

"Sasa yuko wapi?"

"Hajaja." Sista aligeuka akautazama mlango wa mbele. "Mara hii amezidisha."

Fundi alivuta kigoda akaketi karibu na miguu ya mkewe, akauliza polepole, kama anayeng'oa msumari bila kupasua mbao. "Hajaja tangu lini?"

Na Sista akamwambia, kwa sauti ile ile ya ripoti. Asubuhi ile alikuwa na wagonjwa sita. Alisimama na ripoti yake mdomoni akimsubiri Kobe, akimtukana kimoyomoyo. Badala ya Kobe wakaja watu wawili waliovaa mavazi ya plastiki toka utosini hadi kwenye vidole, wakamwambia kuna mtu uliyekunywa naye chai ameanguka, twende karantini sasa hivi. Akawaambia hajakabidhi. Wakamwambia dada, panda gari. Alipotoka karantini alikuta barua ya uhamisho, akaenda kliniki moja kwa moja. Wodini hakurudi.

"Na hukumtafuta huyo Kobe?"

"Nikienda kumtafuta, wagonjwa wanabaki na nani?"

Fundi alifunga karakana, akaacha kochi la watu limekaa utupu, sponji nje, akaenda hospitali kuu. Mlinzi wa getini alimjua Kobe vizuri.

"Aliacha kazi huyo. Ana saluni nyuma ya soko. Ukimtaka nenda mapema."

"Mapema saa ngapi?"

"Mapema yoyote. Utamkuta."

Fundi alikwenda wakati wauza mboga wanashusha magunia, na kweli alimkuta. Mwanamke mpana, mcheshi wa macho, amekwisha fagia, amekwisha panga machanuo kwa ukubwa, amekaa kwenye kiti cha wateja akijitazama kiooni. Watu wa sokoni walimwambia Fundi kwamba huyu huwa hapo kabla ya jogoo.

"Karibu, kaka," alisema, akinyanyua chanuo. "Wanaume sinyoi, lakini wewe nitakuhurumia."

"Mimi ni mume wa Sista. Wa wodi ya pumzi."

Chanuo lilisimama hewani.

"Shemeji," alisema Kobe, "mimi na hospitali tulishaachana. Talaka tatu. Hakuna kurejeana."

"Sikuja kuwapatanisha. Nimekuja kukuita zamu."

Akamweleza yote, ya kiti cha koridoni, ya magoti, ya Mwenye Nyumba na mkono wake uliokunjwa, ya foleni iliyoinamisha vichwa. Alipofika kwenye springi, Kobe alicheka mpaka akaegemea ndoo. Kisha akajifuta machozi kwa taulo la wateja.

"Bado ananisubiri?"

"Anakusubiri."

"Anasemaje juu yangu?"

"Kwamba hujaja."

"Unajua, shemeji, sasa nafika kila mahali mapema. Siwezi kujizuia. Harusi ya mdogo wangu nilifika kabla ya viti. Juzi nilikwenda msibani, mgonjwa mwenyewe akanifungulia mlango."

Fundi alijitahidi asicheke, akashindwa. Walicheka wote wawili asubuhi ile, wauza mboga wakachungulia.

"Njoo upokee," alisema Fundi. "Nakuomba. Nitakutengenezea viti vyote hivi, maana umekalishwa kwenye magunia."

"Nikipokea ataniuliza wako vipi."

"Wewe utajuaje? Hukufika."

"Nilifika." Kobe alirudisha chanuo mahali pake, akalinyoosha sambamba na mengine. "Nilifika alasiri ya siku hiyo hiyo, nimebebwa. Vitanda vilikuwa sita, wakaleta cha saba, nikalazwa mimi. Wote niliwaona mpaka mwisho."

"Wakoje?"

"Wewe si wa zamu, shemeji. Usiniulize."

Fundi alielewa alichokuwa anakinunua, au alidhani ameelewa. Angeweza kusema basi, acha, tuendelee na kiti chetu cha koridoni. Aliikumbuka ile sindano mkononi. "Njoo Jumamosi," alisema. "Baada ya chai."

Jumamosi Kobe aligonga kabla maji ya chai hayajabandikwa jikoni. Fundi alifungua amejifunga taulo, povu la sabuni sikioni. Mbele yake alikuwa amesimama nesi kamili, gauni jeupe la zamani lililombana kiasi kwamba vifungo vilikuwa vinaangaliana kwa mbali.

"Nimechelewa?" aliuliza.

"Ingia kabla kifungo hakijatoboa mtu jicho."

Mama alitokea, akamtazama juu mpaka chini. "Huyu ndiye Kobe? Kobe gani anatembea na jua likiwa halijaamka?" Binti alitokea. Mwenye Nyumba naye akafika na shati limekunjwa, akaambiwa akae, anyamaze, leo presha itangoja.

Sista aliinuka kwenye kiti.

Walitazamana, yule aliyesubiri na yule aliyesubiriwa, na Fundi aliona kwamba mkewe hamtambui mwenzake mdomo, maana wakati ule walikuwa wanaonana macho tu. Sista aliinua kiganja akamziba Kobe nusu ya uso kwa mbali. Ndiye.

"Umechelewa," alisema Sista.

"Gari."

"Gari gani tena leo?"

"Gari la wagonjwa."

Kisha bega la Sista likaanza kutikisika. Kobe akaguna puani. Mara wamekamatana, wanacheka, wanapigana makofi ya migongo, kifungo kimoja kikaruka kikamgonga Mwenye Nyumba kwenye paji la uso, na hapo nyumba yote ikaanguka kicheko, mama akishika goti, lile la kulia, akiomba aachwe kabla hajajikojolea mbele ya mkwe.

Sista ndiye aliyenyamaza kwanza. Akanyoosha gauni, akaweka mikono nyuma.

"Kitanda cha kwanza," alisema, na sauti haikuwa ile ya kila asubuhi. "Mwalimu wa hesabu. Pumzi fupi. Ananiuliza hesabu za kichwa ili nisijue kwamba anaogopa."

"Oksijeni?" aliuliza Kobe.

"Juu kabisa, haiongezeki."

"Ndugu?"

"Mkewe anapiga simu asubuhi. Uongee naye wewe, asiongee na mtu wa mapokezi."

"Endelea."

"Kitanda cha pili. Mjamzito. Mtoto anacheza. Anatamani barafu."

"Nimpe?"

"Mpe. Cha tatu, dereva wa lori. Anatukana mipira ya oksijeni. Akiacha kutukana, mkimbilie. Cha nne, bibi. Amekataa uji."

"Kwa nini?"

"Hauna sukari. Anasema kama ni kuondoka hataondoka na uji wa bure mdomoni. Cha tano, kijana, fundi simu. Ametengeneza simu za wodi nzima amelala chali. Ana tabia ya kuvua mashine usoni ili aonekane mzima."

"Nimfunge mikono?"

"Mpe simu mbovu. Cha sita, mzee wa kwaya. Haimbi, ila vidole vinapiga mdundo kwenye chuma cha kitanda."

"Mpaka sasa vinapiga?"

"Vinapiga."

Kobe alivuta pumzi, vifungo vilivyobaki vikalia. "Nimepokea," alisema.

Sista aliinama akafungua kamba. Kiatu cha kwanza kilitoka, cha pili kikagoma, Fundi akapiga magoti akakivuta. Alisimama pekupeku kwenye sakafu, akaipapasa kwa vidole vya miguu kama anayeingia nyumba ngeni.

"Na mimi?" Mwenye Nyumba alinong'ona. "Hajanitaja."

"Utatajwa kesho," mama alimjibu. "Tulia."

Fundi alimshika mkewe mkono ampeleke chumbani, na alikuwa anacheka, furaha imempanda mpaka masikioni. Walifika mlangoni. Sista akageuka.

"Wakoje?" alimwuliza Kobe.

Kobe alimtazama Fundi. Fundi alitazama sakafu.

"Mjamzito alitoka na mtoto wa kike," alisema Kobe. "Dereva alitoka, alitukana mpaka getini. Mzee wa kwaya alitoka, hukutana nami sokoni, ameanza kuimba tena, vibaya." Akatafuta kifungo ambacho hakikuwepo tena. "Wale wengine hawakutoka, dada yangu. Mwalimu alikwenda jioni ile ile. Bibi kesho yake. Yule kijana siku ya tatu, na simu mkononi."

Sista alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepokea. Akaingia chumbani, akapanda kitandani, akalala Jumamosi, Jumapili, akaamka Jumatatu akala mayai, akaanza kulia. Alilia kliniki na nyumbani kwa wiki nyingi, akilala vizuri kila siku, akiamka anaendelea. Hakulala tena na sindano mkononi. Ripoti za asubuhi ziliisha. Mwenye Nyumba alikuja siku chache na mkono uliokunjwa, akaona hali, akaanza kupimwa kwenye duka la dawa. Mama alibaki na magoti yake. Kobe alirudi kwenye saluni yake, na siku hizi hufungua amechelewa, wateja wamejaa nje wananuna.

Watu walimwambia Fundi amefanya vizuri, naye alikubali, maana mkewe alikuwa hai na alikuwa kando yake. Lakini alijua kilichotolewa. Katika kichwa cha Sista wale sita walikuwa hai wote kwa muda wote ule, kwa sababu zamu haikuwa imeisha na hakuna aliyekufa katika zamu yake. Jumamosi ile, kabla ya chai, yeye Fundi aliwatoa watatu humo: mwalimu wa hesabu, bibi aliyetaka sukari, na kijana fundi simu.